UZI: Nyumba ikifurika ama ikiungua, nani alipe? Na wewe mpangaji, ukate bima ya pesa ngapi?

1/ Kila mvua kubwa na kila moto mtaani, mjadala ni ule ule. Upande mmoja: "Serikali ilipe!" Upande wa pili: "Watu wajipange, kwani bima hazipo?" Tunatukanana siku tatu, maji yanakauka, tunasahau hadi msimu ujao. Leo tuuchambue polepole. Sheria ya hapa kwangu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukileta jina kwenye majibu nitakupita tu.

2/ Niseme ukweli kwanza, hili jambo si la vitabuni kwangu. Aprili 2024 maji yaliingia kwetu. Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa tunaishi bedsita ya chini kabisa, Nairobi. Saa tisa usiku tuliamka godoro likiwa limelowa. Tulitoka na simu, vitambulisho na laptopu yangu niliyoibeba kichwani. Friji, nguo, magodoro na cherehani ya dada, vyote vilikunywa maji ya mtaro.

3/ Kulipokucha dada akampigia mwenye nyumba. Jibu: "Poleni sana, lakini bima yangu ni ya jengo. Vitu vya ndani ni vyenu." Tulikasirika, lakini alikuwa anasema ukweli. Siku ya tatu tukaletewa blanketi mbili na unga, tukapigwa picha. Unga tulishukuru, tena sana. Uliisha kwa wiki moja. Cherehani ilichukua miezi saba kurudi, na hiyo cherehani ndiyo inalipa nusu ya karo yangu.

4/ Sasa tumehamia nyumba nyingine, ghorofa ya tatu. Mwezi uliopita dada akaniambia, "Wewe si ndiye msomi wa siasa hapa? Niambie tukate bima ya ngapi." Nikagundua naweza kukueleza mihimili mitatu ya serikali nikiwa nimelala, lakini swali hilo sina jibu. Nikaketi chini na karatasi. Huu uzi ni hiyo karatasi.

5/ Tuanze na mjadala wenyewe. Hoja ya kwanza: SERIKALI ILIPE. Wanaoisema wana msingi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya makazi yanayofaa, na kinasema serikali itatoa hifadhi ya jamii kwa wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Tena mafuriko mengi ya mjini yana mkono wa mtu: mitaro imezibwa, jengo limepewa kibali kando ya mto. Mafuriko ya 2024 yaliua watu zaidi ya 200 nchini. Huwezi kuwaambia waliofiwa "mngejipanga".

6/ Lakini soma vizuri. Haki ya makazi haisemi mtu atakuletea friji kama ile iliyoharibika. Msaada wa dharura ni chakula, hema, blanketi, dawa. Fidia ya mali yako binafsi ni jambo lingine kabisa, na mara nyingi mpaka upite mahakamani kuthibitisha nani alizembea. Kesi hizo zinachukua miaka. Kwa hivyo hata kama hoja hii ni ya haki, haikununulii godoro mwezi huu.

7/ Hoja ya pili: KILA MTU AJIPANGE. Nayo ina ukweli wake. Bima ya vitu vya ndani ipo Kenya, na si ya matajiri pekee. Lakini kumbuka bima zote nchini, ukijumlisha za magari, afya, maisha na kila kitu, hazifiki asilimia 3 ya pato la taifa. Si kwamba Wakenya ni wajinga. Wengi hawajawahi kuelezwa, wengine walishawahi kuzungushwa wakidai fidia, na wengine hata wakitaka hawauziwi. Kwa hao wa mwisho nitarudi.

8/ Hoja ya tatu: MWENYE NYUMBA ALAZIMISHWE. Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Bima ya mwenye nyumba inafunika kuta, paa, milango, pengine na kodi atakayokosa nyumba ikiwa haikaliki. Sofa yako haimo. Na kuna kitu hatuambiwi: ikithibitika moto ulianzia kwako kwa uzembe wako, kampuni ya bima ikishamlipa mwenye nyumba inaweza kukugeukia wewe ikudai. Ndiyo, wewe mpangaji.

9/ "Lakini serikali haiwezi kulazimisha watu kukata bima!" Inaweza, na imeshafanya. Huwezi kuendesha gari barabarani bila bima ya kulinda watu wengine, hiyo ni Sura ya 405. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Bima ya afya ya jamii inakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Kwa hivyo swali la kweli kwenye mjadala ni hili: tulazimishe bima ipi, nani alipie, na maskini asaidiwe vipi?

10/ Huo mjadala utaendelea hadi 2027 na kupita. Wewe leo unakaa nyumba ya kupanga. Sensa ya 2019 ilionyesha karibu kaya 8 kati ya 10 mijini zinapanga. Kwa hivyo tuache kelele kidogo tufanye hesabu. Swali: bima ya kiasi gani?

11/ Kosa la kwanza ni kukisia. Dada alisema, "Sisi hatuna vitu, weka laki moja na nusu." Nikamwambia tuhesabu. Tulizunguka nyumba chumba kwa chumba, simu ikirekodi video, tukiuliza kitu kimoja tu: hiki kikipotea leo, kesho dukani nitanunua kwa ngapi?

12/ Hii hapa orodha yetu, kwa shilingi:
Friji ndogo 32,000
TV 30,000
Meko na mtungi wa gesi 12,000
Vitanda viwili na magodoro 45,000
Viti na meza 40,000
Vyombo vya jikoni 25,000
Nguo na viatu, watu wawili 80,000
Mapazia, zulia, shuka, blanketi 28,000
Pasi, birika, redio, vitabu 18,000
Jumla: 310,000

13/ Laki tatu na elfu kumi! Na bado cherehani ya 35,000, laptopu ya 55,000 na simu mbili za 40,000. Dada akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe sisi ni matajiri wa mitumba." Kitu kinachodanganya watu ni nguo. Unanunua Gikomba kidogo kidogo, mia tatu hapa, mia tano pale, huoni. Nunua zote siku moja uone.

14/ Sasa kwa nini kukisia chini ni hatari? Wengi wanafikiri hivi: "Nikikata bima ya laki moja na nusu na nikapoteza vitu vya laki moja, nitalipwa laki moja, kwa sababu iko chini ya kiwango." HAPANA. Soma hapa mara mbili.

15/ Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano. Tuseme vitu vyako vyote ni vya 300,000 lakini ukakatia bima ya 150,000. Umekatia nusu. Ukipata hasara ya 100,000, kampuni inasema: ulilipia nusu ya mzigo, tutabeba nusu ya hasara. Unapata 50,000. Halafu kuna ile sehemu unayobeba mwenyewe kila ukidai, mawakala wanaiita eksesi. Ikiwa ni 5,000, unabaki na 45,000. Hujaibiwa. Ni hesabu, ila hakuna aliyekuonyesha.

16/ Na kukisia juu? Hakusaidii. Bima inakurudisha ulipokuwa, haikutajirishi. TV ya 30,000 ukiiandika 90,000 utalipia ada ya 90,000 kila mwaka, na siku ya hasara utalipwa thamani yake halisi. Kwa hivyo kiwango sahihi ni kile cha orodha yako. Si cha kisio, si cha kujionyesha kwa wakala.

17/ Swali la kuuliza kabla ya kulipa: "Mnalipa thamani ya kitu kipya ama thamani baada ya kuchakaa?" Friji ya miaka mitano kwa bei ya leo dukani ni 32,000. Ikitolewa uchakavu inaweza kuwa nusu ya hiyo. Ukilipwa nusu, utaongeza pesa kununua nyingine. Jibu la hilo swali ndilo linakuambia uandike bei gani kwenye orodha, kwa hivyo lipate kwa maandishi.

18/ Vitu vinavyotembea ni hesabu tofauti. Bima ya vitu vya ndani inafuata nyumba. Laptopu ikinyakuliwa kwenye matatu, hiyo haimo. Kuna sehemu nyingine ya kufunika vitu unavyobeba popote, na ni ghali zaidi kwa sababu hatari ni kubwa zaidi. Kila kitu huko kinaandikwa kwa jina, bei na nambari yake. Hata vya ndani, mikataba mingi ina kikomo kwa kitu kimoja ambacho hukukitaja, kwa hivyo chochote cha bei kubwa kitaje.

19/ Wakala alitupa asilimia 1 kwa vitu vya ndani na asilimia 5 kwa vya kubeba. Kwako inaweza kuwa tofauti. Kampuni hazilingani na nyingine zina ada ya chini kabisa ambayo hawashuki. Hesabu yetu:
Vya ndani pamoja na cherehani, 345,000: ada 3,450
Laptopu, 55,000: ada 2,750
Jumla 6,200
Ushuru wa mafunzo asilimia 0.2 na wa mfuko wa kulinda wenye bima asilimia 0.25: 27.90
Stempu: 40
Jumla kuu: 6,267.90 kwa mwaka. Kama 522 kwa mwezi.

20/ Mbona simu hazimo? Hapa ndipo kuna uamuzi wenyewe. Simu zetu mbili zingeongeza ada ya 2,000 kila mwaka. Simu ya elfu ishirini ikipotea nitaumia, lakini nitanunua ya elfu nane maisha yaendelee. Laptopu ikienda, mradi wangu wa mwaka wa nne umeenda. Kanuni niliyotoka nayo: katia bima kile ambacho ukikipoteza huwezi kusimama tena peke yako. Kile unachoweza kumudu kwa mchango wa chama ama akiba ya miezi miwili, kibebe mwenyewe.

21/ Kwa sababu hiyo hiyo, kama bajeti ni ndogo, uliza kama unaweza kuongeza ile eksesi ili ada ishuke. Ni bora ubebe elfu kumi za kwanza mwenyewe na ufunikwe kikamilifu, kuliko kufunika nusu ya nyumba ukidhani uko salama. Hasara ndogo inauma. Ile kubwa ndiyo inakurudisha ushago.

22/ Cherehani ilitupa somo. Dada hushona nguo za watu jioni, kwa hivyo hiyo ni biashara. Mkataba wa nyumba unaweza kukataa vifaa vya biashara. Nilitaka tunyamaze, dada akakataa: "Nisilipe mwaka mzima halafu wanikatae kwa neno moja." Akamwambia wakala wazi, wakala akauliza ofisini, wakakubali na wakaandika kwenye mkataba. Sheria ya bima ni kusema ukweli wote mwanzoni. Ukificha jambo kubwa, umewapa sababu ya kukunyima baadaye.

23/ Sehemu ambayo watu wanairuka: kuumiza wengine. Gesi yako ikilipuka ikachoma nyumba ya jirani, ama mtoto wa mgeni akaumia kwako, unaweza kudaiwa pesa zinazozidi vitu vyako vyote mara kumi. Tuliona wote Februari 2024 kule Embakasi moto wa gesi unavyoweza kuvuka kuta. Ule haukuwa mtungi wa jikoni, lakini moto hauulizi ulikotoka. Muulize wakala: "Dhima yangu kama mkazi mnaifunika hadi ngapi?" Kwenye ghorofa, mimi ningepunguza kwa TV kabla ya kupunguza hapa.

24/ Ukiwa na mfanyakazi wa nyumbani, uliza pia sehemu yake. Ile sheria ya 2007 haiangalii kama mwajiri ana kiwanda ama jiko la futi sita.

25/ Sasa maandishi madogo. Uliza haya manne:
a) Mafuriko yamo ama yameondolewa kwa eneo letu?
b) Wizi unahitaji dalili za kuvunja? Mara nyingi ndiyo. Mlango ukiachwa wazi, pole yako. Na utahitaji abstrakti ya polisi.
c) Nikifunga nyumba niende ushago Desemba, bima inakatika baada ya siku ngapi?
d) Vurugu za kisiasa zimo?

26/ Hilo la mwisho ni letu sisi tunaofuata siasa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, watu waliokuwa na bima waliambiwa mikataba yao haifuniki vurugu za kisiasa. Leo kinga hiyo inauzwa, lakini mara nyingi kando, kwa ada yake. Ukiinunua, inunue mapema. Ukiisubiri hadi mitaa ipate joto, umechelewa.

27/ Lipa ada kwa kampuni yenyewe, si kwa simu ya mtu. Kwa sheria yetu bima haianzi kufanya kazi kabla ada haijalipwa. Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya IRA, mamlaka ya kudhibiti bima. Huko ndiko pia unapeleka malalamiko ukizungushwa. Ile video ya orodha na risiti zako zihifadhi nje ya nyumba, kwenye barua pepe. Risiti zetu za zamani zilikuwa kwenye droo. Droo ilielea.

28/ Nilisema nitarudi kwa wasiouziwa. Nyumba yetu ni ya mawe, ghorofa ya tatu, mlango wa chuma. Ndiyo maana tulipata asilimia 1. Jamaa yangu wa darasani anaishi chumba cha mabati karibu na mto. Alimpigia wakala yule yule. Akaulizwa ukuta ni wa nini, akasema mabati. Simu iliishia hapo. Vitu vyake ni vya elfu themanini hivi, na anavihitaji kuliko sisi.

29/ Hapa ndipo "watu wajipange" inapogonga ukuta, na ukuta wenyewe ni wa mabati. Soko la bima linakimbia mahali hatari ilipo kubwa. Si uovu, ndivyo biashara ilivyo. Lakini ina maana kwamba hao lazima tuwafikirie kisiasa: bima ya pamoja ya mtaa, ruzuku ya ada, ama kupunguza hatari yenyewe kwa mitaro, njia za magari ya zimamoto na mabomba ya maji ya kuzimia. Na hiyo ya mwisho ni kazi ya kaunti. Kuzima moto na kudhibiti majanga kumeandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba kama kazi ya kaunti.

30/ Kwa hivyo mwanasiasa akija mtaani kwenu, wa upande wowote, usimuulize tu "utatusaidia?" Atasema ndiyo. Muulize:
- Kaunti hii ina magari mangapi ya zimamoto yanayofanya kazi leo?
- Pesa za dharura mwaka jana zilitumika wapi, na ripoti iko wapi?
- Nani alitoa vibali vya majengo ya kando ya mto?
- Una mpango gani wa bima kwa wanaoishi kwenye mabati, na nani ataulipia?
Akijibu kwa blanketi, umejua.

31/ Kwako wewe unayepanga: usiku wa leo, dakika ishirini, zunguka nyumba na simu. Andika kila kitu kwa bei ya kesho dukani. Jumlisha. Tenga vinavyotembea. Amua kipi ukikipoteza huwezi kusimama. Hicho ndicho kiwango chako. Hata ukiamua kutokata bima, angalau utajua umebeba mzigo wa pesa ngapi kichwani.

32/ Sisi tulilipa Jumatatu. Dada aliisoma ile karatasi ya mkataba yote, mstari kwa mstari, miwani puani, akarudi kushona. Jamaa yangu wa mabati bado hana jibu. Kama kuna mtu hapa chama chenu kimewahi kukata bima ya pamoja kwa nyumba za mabati, tafadhali andika chini mlifanyaje. Nitampelekea. Mwisho wa uzi.